Futi Haitukani Mtu

Mwenyekiti, walimu wetu, na nyinyi nyote mliokuja na mikasi ambayo bado inang'aa, asanteni kwa kunialika. Nimepewa dakika ishirini, kisha mtaingia kwenye mazoezi ya kushona. Mimi si fundi. Nalisema mapema kwa sababu humu ndani wamo mafundi, na nimewaona wakilikagua pindo la gauni langu tangu niliposimama. Likagueni tu, ila anzeni nyuma. Mbele palinishinda.

Nilichowaletea ni habari ya mtu aliyekuwa na kabati lisilofungika kwa wingi wa nguo, na bado kila asubuhi hana cha kuvaa. Nilikuwa natoa tatu, nne, nazitupa kitandani, kisha natoka na sketi ile ile nyeusi ya lastiki na blauzi pana ya kuifunika. Waliofanya kazi nami walidhani naipenda rangi nyeusi.

Mwili wangu uko hivi, na nauelezea bila aibu kwa sababu ndio somo la leo. Nyonga zangu ni pana na kiuno ni chembamba. Mgongo ni mfupi, mikono ni mirefu. Kwa hiyo suruali ikishapita nyongani, kiunoni inaacha mwanya unaoingiza ngumi. Shati likinikaa sawa mabegani, mikono yake inaishia kabla ya kifundo, nami nafanya kama niliikunja kwa makusudi. Gauni lenye kiuno, kiuno chake kinashuka kinakuja kulalia nyonga, na tumbo ambalo sina linaonekana.

Siku moja nilikuwa ndani ya chumba cha kujaribia nguo, zipu imekwama nusu ya njia. Muuzaji akaniuliza kutoka nje ya pazia, kwa sauti ya kumfikia kila mtu, kama aniletee ya wanene. Nikasema ndiyo. Akaileta. Nyonga ikatosha, mabega yakaning'inia kama nguo ya mtu aliyovishwa mwanasesere. Nikavaa zangu, nikatoka, nikamrudishia zote mbili, na nikamwomba radhi. Fikirieni hilo. Nguo imenikataa, na mimi ndiye ninayeomba radhi.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Zangu nilizinunua kwa fedha yangu, lakini kila nikizivaa nilihisi nimeziazima kwa mtu. Miaka kadhaa baadaye, nilipoanza kusoma habari za ushonaji, nikagundua kwamba hisia zile zilikuwa sahihi. Nguo zile zilikuwa na mwenyewe, ila mwenyewe huyo hajapata kuzaliwa.

Sikilizeni. Mwaka 1939 na 1940, nchini Marekani, Wizara ya Kilimo (ndiyo, Kilimo) ilituma watu wenye futi wakawapime wanawake. Walipima karibu wanawake 15,000, na kila mmoja alipimwa sehemu 59 za mwili. Lengo lilikuwa jema: viwanda vilitaka namba zinazoeleweka ili nguo zinazoagizwa kwa posta zisiwe zinarudishwa kila mara. Lakini vipimo vya wanawake wasio wazungu havikuingizwa kwenye hesabu. Mwaka 1958 namba zikatangazwa kuwa kiwango rasmi, na mwaka 1983 kiwango hicho kikafutwa kwa sababu hakikuwa kinawafaa watu. Tangu hapo kila kiwanda kinajipangia. Ndiyo maana unaingia ukiwa 12 duka moja na unatoka ukiwa 16 duka la pili, na katikati hujala hata kidogo.

Kipo kisa kingine ninachokipenda zaidi, ingawa hakihusu magauni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, jeshi la anga la Marekani lilikuwa na vipimo vya marubani 4,063. Kijana mmoja, Gilbert Daniels, akachukua vipimo kumi vya mwili, akatafuta wastani wa kila kimoja, kisha akauliza: ni marubani wangapi wanaoangukia wastani katika vyote kumi? Wakubwa wake walitarajia wengi. Jibu likawa sifuri. Na hao walikuwa vijana wa kiume waliochujwa kwa kimo na afya kabla hata ya kuruhusiwa kukaribia ndege! Kama wao hawakupatikana hata mmoja, mimi na nyonga zangu tulitegemea nini?

Basi nikawa na hasira, na hasira ile ndiyo iliyonipeleka kwa shangazi. Shangazi alikuwa na cherehani aliyoifunika kitambaa cheupe, juu yake chombo cha maua. Nadhani hata yeye alishasahau kilicho chini. Nikaiomba. Akanipa kwa sharti moja tu, kwamba nisimshonee kitu chochote mpaka nijue. Mpaka leo hajanipa ruhusa.

Kabla ya kugusa kitambaa, dada yangu mdogo alinipima. Ilibidi anipime yeye kwa sababu mtu hawezi kuupima mgongo wake. Ukishainua mkono kuishika futi, bega limekwishapanda na kipimo kimeharibika. Nilisimama nikiwa nimebana pumzi nikisubiri hukumu. Dada akasoma: nyonga, 112. Akaandika. Kiuno, 79. Akaandika. Mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni, 37. Bega la kulia, 13. Bega la kushoto, 13, lakini limeshuka, akasema, kwa sentimita moja na nusu. Akaandika. Hakuna aliyetoa neno. Hakuna pazia, hakuna "ya wanene".

Ndugu zangu, sijui kama naweza kuieleza vizuri nafuu niliyoipata siku ile. Namba iliyo kwenye lebo ya dukani inakuambia wewe ni mtu wa namna gani. Namba iliyo kwenye futi inakuambia ukate wapi. 112 haikuwa kubwa wala ndogo. Ilikuwa 112, gawa kwa nne, ongeza nafasi ya kupumua, chora mstari. Futi haitukani mtu.

Na lile bega! Tangu nikiwa mwanafunzi nguo zangu zilikuwa zinateleza kuelekea kushoto, na nilikuwa nikiambiwa nikae wima. Nikawa nakaa wima mpaka shingo inauma. Kumbe bega lenyewe ndivyo lilivyo. Siku hizi nalishonea pedi nyembamba kwa ndani upande mmoja tu, na suala hilo limekwisha.

Sasa nije kwenye makosa, maana humo ndimo nilimosomea.

Sketi ya kwanza niliishona kwa kitambaa cha pamba nilichokikata siku ile ile niliyokinunua. Ilinikaa vizuri sana. Nikaifua. Kitambaa cha pamba kisichowahi kufuliwa kinaweza kurudi kwa asilimia tatu hadi tano, na asilimia tano ya nyonga 112 ni karibu sentimita sita. Sikuivaa tena. Fueni kitambaa kwanza, kama mtakavyokuwa mkiifua nguo yenyewe, kisha mkipige pasi ndipo mkate.

Ya pili niliikata kwa ubahili. Kitambaa kilikuwa kidogo, nikakigeuzageuza mpaka vipande vyote vikaenea, kimoja kimenyooka, kingine kimelala upande. Ikawa sketi inayojizungusha. Natoka nyumbani mshono uko pembeni, nikifika ninakokwenda uko mbele ya goti. Ndipo nikajifunza kwamba kitambaa kina mwelekeo. Kuna mtande, yaani nyuzi ndefu zilizotangulia kuvutwa kwenye mtambo, na kuna mshindio, zile zinazopita kukatiza. Mtande ndio imara, na kwa kawaida ndio unaotakiwa usimame wima mwilini. Ukikata kwa mshazari, katikati ya hizo mbili, kitambaa kinakuwa na mnyumbuko kana kwamba kimefumwa upya. Madeleine Vionnet, mshonaji wa Paris, alijenga sifa yake katika miaka ya 1920 kwa mshazari huo. Magauni yake yalikuwa yanafuata mwili kama maji. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikusudia.

Blauzi ya kwanza nitaipitia haraka. Nilishona mikono miwili, yote ya kulia.

Lakini kosa ninalotaka kukaa nalo kidogo ni lile la uzi kujisokota. Wengi wenu litawapata leo hii, pengine katika nusu saa ya kwanza. Unashona, juu mshono ni mzuri, umenyooka, unajisifu. Ukigeuza kitambaa, chini kuna kichaka cha nyuzi kama kiota cha ndege. Nilipambana na kiota hicho majuma mawili. Kwa kuwa kilikuwa chini, nilihangaika chini: nilitoa bobini, yaani kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, nikaisafisha, nikaijaza upya, nikanunua nyingine, nikailaumu cherehani, nikamlaumu na shangazi kimoyomoyo.

Ukweli ni huu. Cherehani inashona kwa nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa bobini, na zinatakiwa zikutane na kushikana katikati ya kitambaa. Uzi wa juu unapita kati ya visahani viwili vidogo vinavyoubana ili usimwagike. Visahani hivyo vinafunguka pale tu mguu wa cherehani, kile chuma kinachokandamiza kitambaa, unapokuwa umeinuliwa. Ukitunga uzi mguu ukiwa chini, uzi unapita pembeni ya visahani bila kubanwa, kisha unamwagika wote upande wa chini. Kiota kiko chini, kosa liko juu. Inueni mguu ndipo mtunge. Hilo peke yake lingetosha kuwa hotuba yangu.

Nilipoambiwa jambo lile nilicheka, halafu nikanyamaza. Nilikumbuka ile miaka yote niliyohangaika na mwili wangu kwa kufunga, kubana pumzi na kujifunika, kwa sababu huko ndiko kiota kilikoonekana. Nguo ndiyo iliyokuwa haijatungwa vizuri.

Mkiwa bado na cherehani mbele yenu, itazameni na sindano. Sindano ya mkono ina tundu kwenye kisigino, na binadamu ameitumia hivyo kwa takriban miaka 40,000, tangu zile za mifupa. Waliojaribu kutengeneza cherehani walitaabika sana kuiga mkono wa mtu. Elias Howe, Mmarekani aliyepata hataza yake, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1846, alitumia sindano yenye tundu karibu na ncha pamoja na uzi wa pili kutoka chini, na hivyo ndivyo cherehani zetu zinavyofanya kazi mpaka leo. Kabla yake, Mfaransa Barthélemy Thimonnier alikuwa amepata hataza mwaka 1830 na kuanza kushona sare za jeshi. Mafundi waliohofia riziki yao walimvamia wakavunja cherehani zake. Siwatetei, ila kila sindano inapokatika saa sita za usiku nawaelewa.

Na ile namba juu ya pakiti ya sindano si siri. 80 maana yake unene wa sindano ni milimita 0.8. Pamba ya kawaida, 80. Kitambaa chepesi kama hariri, 70. Jinzi, 100. Vitambaa vya kunyumbuka kama fulana vinataka sindano yenye ncha ya mviringo, ipenye kati ya nyuzi bila kuzikata. Na muibadilishe. Mimi niliitumia moja mwaka mzima, nikawa nasikia cherehani inapiga kitambaa kama inagonga mlango.

Baada ya mikono miwili ya kulia nikajifunza kushona nguo ya majaribio kwanza. Unachukua shuka kuukuu, unalikata kama ndiyo nguo yenyewe, unaunganisha kwa kupiga bandi kwa mishono mirefu ya milimita nne au tano, ifumuke kwa urahisi, unavaa, unasimama mbele ya kioo. Kisha hutazami kama umependeza, maana umevaa shuka. Unatazama mikunjo.

Mikunjo ni mishale. Ikinyooka kutoka kwapani kuelekea kifuani, kifua kinaomba kitambaa. Ikilala mlalo juu ya nyonga, pale panabana, na nguo inapanda kutafuta mahali pembamba. Ikikusanyika mgongoni juu kidogo ya kiuno, kitambaa cha mgongo ni kirefu kuliko mgongo, na hiyo ni ya kwangu. Nilichora mstari wa kukatiza mgongo kwenye karatasi ya kukatia nguo, nikaikunja sentimita tatu, nikaibandika. Ni hilo tu. Miaka kumi na tano ya kuvuta blauzi chini kila ninapoinuka kitini ilikuwa sentimita tatu.

Suruali ilinichukua muda mrefu zaidi, na bado naiheshimu. Ule mwanya wa ngumi kiunoni niliuziba kwa mikunjo miwili ya kubana upande wa nyuma, yenye kuchongoka kuelekea chini, na kwa mkanda niliokata kwa upinde. Mkanda ulionyooka unafaa mwili ulionyooka. Mwili wangu pale ni koni, na koni haivikwi bomba. Halafu nikakaa nayo kitini kabla ya kuishona moja kwa moja, maana nyonga iliyokaa ni pana kuliko iliyosimama, na sisi wengine maisha yetu mengi tumekaa. Nikaweka na mifuko, miwili, ya kina, inayoingiza mkono mpaka kifundoni. Wanaume waliomo humu hawataelewa kwa nini akina mama wamepiga makofi.

Naomba sasa niseme na yale ambayo wanaouza cherehani hawayasemi. Kushona hakukupunguzii gharama, hasa mwanzoni. Nguo mlizoziharibu nazo zina bei. Kunakula muda. Shati lenye kola na vifungo linanichukua siku mbili za mapumziko, na ya tatu ya kufumua. Nguo za kunyumbuka za ndani na soksi nanunua. Jinzi nanunua, kisha naifumua kiunoni na kuipunguza. Na kama mna nguo za dukani zinazowasumbua kidogo, ningewashauri muanzie hapo: kufupisha pindo, kusogeza kifungo, kuingiza mshono wa pembeni. Ni masomo mazuri, na hakuna kipya cha kuharibu.

Jambo moja sikulitarajia. Tangu nilipouingiza mkono wa shati kwenye tundu lake kwa mara ya kwanza, nikausokota, nikaufumua mara tatu, siwezi tena kuliona shati la dukani kama kitu kilichodondoka kutoka mashineni. Cherehani za viwandani ni za haraka, lakini mbele ya kila moja amekaa mtu anayeongoza kitambaa kwa vidole. Mtu aliupinda ule mkono, akauzungusha, akapeleka mwingine. Ukishajua hivyo, shati la bei ya kutupa halitupiki kirahisi.

Mnaniona nimekishika hiki kifumulio. Mpini wake umekwaruzika kuliko chombo chochote nilichonacho, na ukinikuta usiku nikiwa na taa na redio, kuna uwezekano mkubwa nafumua. Mwanzoni kila mshono niliofumua niliuhesabu kuwa nimeshindwa. Sasa naupenda ule mlio mdogo wa uzi kukatika. Kitambaa hakinuni. Ukishatoa nyuzi na kukipiga pasi, vitundu vingi vinajifunga, na unaanza tena kana kwamba hamkuwahi kugombana. Isipokuwa ngozi na hariri nyembamba, hizo zinakumbuka.

Nikiangalia saa, zimebaki dakika tatu, na mwalimu ameshaanza kunikodolea macho. Kabatini mwangu leo kuna nguo kumi na moja za kutokea. Kabati linafungika. Asubuhi natoa moja.

Sasa chukueni futi. Kila mtu amgeukie aliyeketi karibu naye, kwa sababu mgongo wako hutaupima mwenyewe. Mnaopimwa, simameni kama mnavyosimama mkiwa kwenye foleni, msibane tumbo. Mnaopima, someni namba kwa sauti ya chini, mwenzenu aiandike, na msiongeze neno. Anzeni na bega la kushoto.